Kuvuka Nyandarua kwa gari: mambo ya kujua kabla ya kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare

Kutoka Nyeri mjini, safu ya Nyandarua huonekana upande wa magharibi kila asubuhi isiyo na mawingu. Wakazi wengi huijua kwa mvua inayotoka huko, kwa mto unaopita chini ya shamba na kwa ua wa umeme unaowazuia ndovu wasile mahindi. Waliowahi kupita langoni na kuingia ndani ni wachache kuliko inavyodhaniwa. Na baadhi ya wanaoingia huenda bila kujiandaa: gari dogo, mafuta nusu tangi, watoto wamevaa fulana, na saa ni nane mchana.

Kosa hilo hutokana na ramani. Kwenye karatasi, njia ya kuvuka mbuga kutoka upande wa Tetu hadi Ndunyu Njeru, Kaunti ya Nyandarua, ni mstari mfupi. Dereva huona kwamba ataokoa mzunguko mrefu, na huhesabu kilomita kama anayekwenda Karatina. Lakini Nyandarua haipimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa mvua iliyonyesha jana, na kwa mita ambazo gari litapanda kisha kushuka.

Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1950 na ina ukubwa wa takriban kilomita 766 za mraba. Wakikuyu waliyaita milima hii Nyandarua kwa sababu umbo lake, likitazamwa kwa mbali, hufanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Jina Aberdare lilikuja mwaka wa 1884, mpelelezi Joseph Thomson alipompa heshima Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia cha Uingereza na ambaye hakuwahi kuishi hapa. Kilele cha juu kabisa, Satima, kiko upande wa kaskazini na kina mita 4,001. Kilele cha Kinangop, upande wa kusini, kina mita 3,906.

Njia yenyewe

Anayetoka Nyeri ana malango mawili yaliyo karibu: Ruhuruini na Kiandongoro. Yote mawili huanza na mashamba ya chai na mboga, kisha ua wa umeme, kisha msitu. Mabadiliko hayo ni ya ghafla. Upande mmja wa waya kuna ng'ombe wa maziwa na nepia, na upande wa pili kuna mitarakwa na miti mingine mirefu ambamo mbega hurukaruka.

Baada ya msitu huja mianzi. Hapa barabara huwa nyembamba, jua halifiki chini vizuri, na udongo hukaa na maji hata siku ambayo mjini kumekauka kabisa. Magari mengi hukwama katika sehemu hii. Udongo mwekundu wa mlimani ukilowa huwa kama sabuni: gari haliendi mbele, huenda kando, na kando kuna mtaro. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, lenye tairi zenye meno mazuri, ndilo la kutegemewa. Probox ni gari shujaa, imebeba viazi na kabeji za kaunti hii kwa miaka mingi, lakini mlima huu si kazi yake mvua ikinyesha.

Mianzi ikiisha, mtu hutokea mahali pengine kabisa. Juu ya mita 3,000 msitu hupungua, na mbele hutanda uwanda wa nyasi ngumu za mafungu, vichaka vilivyoning'inia ndevu za kijivu, na lobelia ndefu zilizosimama kama nguzo. Ukungu huja na kuondoka kwa dakika chache. Pofu na mondo huonekana huku juu, na wakati mwingine mondo huyo huwa mweusi tii. Anayekuja mara ya kwanza huwa hakutarajia kwamba mahali kama hapa pako juu ya shamba la nyanya yake.

Maporomoko ya maji

Karibu wageni wote husimama Karuru. Maji ya mto huu huanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 273, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa jumba la KICC jijini Nairobi. Kuna majukwaa ya mbao ya kutazamia, na kukiwa hakuna ukungu maporomoko ya Gura huonekana ng'ambo ya bonde. Mbao hulowa na huteleza. Watoto washikwe mkono muda wote, na anayetaka picha asivuke kizuizi kwa ajili ya picha hiyo.

Maporomoko ya Chania ni madogo kuliko hayo, lakini hufikiwa kwa urahisi na mtu husogea karibu na maji. (Chania hii ndiyo inayopita Nyeri mjini. Ile ya Thika ni mto mwingine, ingawa nayo hutoka safu hii hii, na wageni huzichanganya kila siku.) Maji ya Karuru huingia Gura, na Gura na Chania hatimaye huingia Tana. Kwa hiyo maji anayoyatazama mgeni jukwaani yataendelea hadi mabwawa ya Masinga na mengine ya kuzalisha umeme. Upande wa kusini wa safu, mabwawa ya Sasumua na Ndakaini hukusanya maji yanayonywewa Nairobi. Ndiyo maana sheria za moto na ukataji miti ni kali hapa kuliko sehemu nyingine.

Baridi

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Nyeri mjini iko kwenye mita 1,750 hivi. Siku ambayo mjini kuna nyuzi 22, uwandani juu kunaweza kuwa na nyuzi 14, kabla hata upepo na mvua havijaongezwa. Usiku kuna jalidi.

Jambo hili huwa la hatari gari likikwama. Mtu hushuka kusukuma, hulowa, hupigwa na upepo, na baada ya saa moja huanza kutetemeka na kuongea ovyo. Hiyo ni dalili kwamba mwili unapoteza joto, na mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo zilizolowa, hufunikwa blanketi na kupewa kinywaji cha moto. Pombe haisaidii, huzidisha. Kila abiria awe na sweta nzito na koti la mvua, hata kama jua linawaka anapoondoka nyumbani. Watoto wawekewe nguo za kubadilisha. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na wengi huumwa kichwa.

Gari likikataa kabisa, abiria wabaki ndani. Kutembea kurudi langoni ndiyo shauri baya kuliko yote, kwa kuwa kuna nyati na ndovu, na mianzini mtu haoni mita kumi mbele. Mtandao wa simu hupotea sehemu nyingi, kwa hiyo kabla ya kuingia, mtu wa nyumbani ajue gari limepita lango gani, litatokea wapi na saa ngapi. Koleo, kamba imara ya kuvutia na gurudumu la akiba lenye upepo ni vitu vya lazima.

Wanyama barabarani

Ndovu akiwa barabarani, barabara ni yake. Dereva husimama mbali, hapigi honi, hawashi taa kali, na kama mnyama anasogea karibu hurudi nyuma polepole. Nyati aliye peke yake aogopwe zaidi ya kundi. Mbugani gari halizidi kilomita 40 kwa saa, na kwenye kona za mianzi hata nusu ya hiyo ni nyingi. Kwenye mteremko mkali gia ndogo ndiyo ishike gari, si breki pekee, maana breki zikipata moto hulegea.

Kushuka garini huruhusiwa kwenye sehemu zilizotengwa tu, kama vile kwenye maporomoko. Anayetaka kupanda Satima au kutembea msituni hupanga mapema na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) amsindikize akiwa na silaha. Samaki aina ya trauti wako kwenye mito ya juu, na kuvua huhitaji leseni.

Wanaotaka kuona wanyama kuliko mandhari waelekee Salient, kipande cha msitu kinachochomoza upande wa mashariki. Huko ndiko kwenye ndovu wengi, nyati, nguruwe wakubwa wa msituni na kifaru mweusi. Bongo yupo pia katika misitu hii, lakini ni mnyama adimu na mwenye haya, na mtu anaweza kuja mara ishirini asimwone. Huko pia ndiko ilikojengwa hoteli ya Treetops mwaka wa 1932 juu ya mti wa mugumo, mahali ambapo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala usiku ambao baba yake alifariki, Februari 1952. Jengo hilo la kwanza lilichomwa mwaka wa 1954, vita vya Mau Mau vilipokuwa vimepamba moto. Msitu huu ndio uliokuwa ngome ya Dedan Kimathi na wapiganaji wake hadi alipopigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956. Familia nyingi za kaunti hii zina babu au nyanya aliyepeleka chakula huko usiku. Kwao safari hii si ya kutazama maji tu.

Ua na barabara

Ujenzi wa ua wa umeme ulianza mwaka wa 1989 kwa lengo la kumlinda kifaru mweusi wa Salient. Wakulima walioishi kando ya sehemu ya kwanza walivuna mazao yao bila kukesha wakipiga debe, na wenzao wakaomba ua uwafikie. Ulikamilika mwaka wa 2009, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400 kuzunguka safu yote. Anayeona waya umekatwa au mti umeuangukia aripoti lango lililo karibu siku hiyo hiyo, kwa kuwa ndovu hugundua pengo mapema kuliko fundi.

Suala la kutia lami barabara ya kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru limezungumzwa kwa miaka mingi. Wanaoitaka husema itaunganisha kaunti mbili na kufikisha mazao sokoni. Wanaoipinga huhofia msitu, wanyama na vyanzo vya maji. Mwaka wa 2024 suala hilo lilifika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Msafiri apange safari yake akijua kwamba anaingia kwenye njia ya udongo na changarawe.

Malipo na muda

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Pesa taslimu hazipokelewi. Malipo hufanywa kwenye mfumo wa eCitizen, na ni vyema yakamilishwe nyumbani ambako mtandao una nguvu, badala ya langoni watoto wakilia garini. Viwango hutofautiana kati ya Wakenya na wageni, na kati ya watu wazima na watoto, na gari hulipiwa kivyake. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo aangalie vya siku hiyo na asitegemee alivyoambiwa na jirani. Mkenya abebe kitambulisho cha kitaifa, la sivyo anaweza kutozwa kama mgeni.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote za kitaifa. Chupa za maji za dukani, vijiko na sahani za plastiki hurudishwa langoni. Maji yabebwe kwenye chupa ya kudumu au kibuyu, na chakula kwenye sufuria au bakuli lenye kifuniko. Moto hauwashwi ila kwenye kambi zilizotengwa. Nyasi za uwandani hushika haraka mno miezi ya kiangazi.

Miezi mizuri ya safari ni Januari na Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hupungua lakini ukungu ni mwingi. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, baadhi ya njia huweza kufungwa, na kupiga simu makao makuu ya mbuga, yaliyo Mweiga, kabla ya kuondoka huokoa mafuta na hasira.

Anayevuka hadi upande wa pili hutokea lango la Mutubio, kisha hushuka kwenye mashamba ya viazi ya Ndunyu Njeru akiwa na bonde la ufa mbele yake. Kurudi Nyeri kwa barabara ya nje kupitia Ol Kalou, Nyahururu na Mweiga ni mwendo mrefu lakini wa uhakika. Anayekusudia kurudi kwa njia aliyojia, kupitia juu, awe amegeuza gari kabla ya saa nane mchana. Mvua ikiwa imeanza, hata saa sita ni kuchelewa.