UKINUNUA SHAMBA, KWANZA LIPIMWE

Mtu akienda kununua ng'ombe humtazama meno, humshika kiwele, na kumwuliza mwenyewe amezaa mara ngapi. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua shamba au ploti ya kujenga nyumba, jambo litakalomaliza akiba yake ya miaka mingi, hutembezwa kwa dakika chache, huonyeshwa mipaka kwa kidole, "toka mti ule mpaka bonde lile," kisha hutoa fedha. Mtu wa namna hii anabahatisha.

Wengi hujibu, "Lakini hati nimeiona." Hati ni jambo kubwa, nawe usinunue bila kwenda kwa Msajili wa Ardhi kutafuta habari za namba ya shamba lile: mwenyewe ni nani, na kama kuna deni la benki au zuio juu yake. Hata hivyo hati haikuonyeshi shamba liko wapi. Inataja namba na ukubwa tu. Namba hiyo imo katika ramani ya serikali, na kazi ya mpima ardhi ni kuhakikisha ya kwamba kipande ulichoonyeshwa ndicho kile kilicho katika ramani. Mtu aweza kuwa na hati halali kabisa, na nyumba yake ya mawe ikawa imesimama katika shamba la jirani.

Yafaa ujue ramani hizo zilitoka wapi. Katika sehemu za Kenya ya kati mashamba mengi yaliunganishwa na kuandikishwa kuanzia miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Wenye mashamba walitakiwa wapande ua penye mipaka, na ramani zikachorwa kwa msaada wa picha zilizopigwa kutoka ndege. Kazi ilikuwa nyingi, na ramani zilitakiwa upesi. Ndiyo sababu sheria, na hata ile ya Uandikishaji wa Ardhi ya 2012, husema ya kwamba ramani za namna hii zaonyesha mipaka kwa kukadiria. Mpaka wenyewe hutazamwa shambani: ua, mfereji au ukuta.

Ramani nyingi za mashamba haya zina kipimo cha 1:2,500. Maana yake milimita 1 ya karatasi ni mita 2 na nusu za ardhi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita umekwisha kula zaidi ya mita 1. Hapo ndipo ugomvi wa majirani unapozaliwa, maana ua wa kaiyaba hukua, hukatwa, hufa, na wakati mwingine huhama usiku.

Katika miji na katika mashamba makubwa ya zamani mambo ni mengine. Huko kona nyingi zimewekewa bikoni, yaani vyuma vilivyotiwa katika saruji, na vipimo vyake vimeandikwa. Bikoni ikipotea, mpima ardhi aweza kutafuta mahali pake tena. Kuing'oa ni kosa mbele ya sheria.

Hatari kubwa zaidi ni kununua kipande cha shamba la mtu. Mwenye eka 2 anakuuzia ploti ya futi 50 kwa 100. Mnapigilia vigingi, mnaandikiana karatasi, unaanza kuchimba msingi. Lakini katika daftari ya serikali kipande hicho bado hakipo. Hakina namba mpaka shamba lipimwe na kugawanywa, fomu za mgawanyo zikubaliwe, na namba mpya zitolewe. Mwenye shamba akifa kabla ya hapo, utakabiliana na watoto wake ambao hawajui habari zako.

Piga hesabu pia. Eka 1 ni futi za mraba 43,560. Ploti 8 za futi 50 kwa 100 zachukua 40,000, zinabaki 3,560. Sasa ukizipanga safu mbili za ploti nne nne, njia ya katikati yenye urefu wa futi 200 na upana wa futi 20 hutaka 4,000. Basi mtu akikuambia ametoa ploti 8 kamili pamoja na njia hiyo katika eka moja, jua ya kwamba kuna ploti iliyopunjwa, na huenda ni yako.

Mpima ardhi atakuambia pia kama nyumba imeingia katika akiba ya barabara au ukingo wa mto. Mwaka 2011 nyumba za watu zilibomolewa Syokimau, katika ardhi iliyosemwa kuwa ni ya uwanja wa ndege, na wengi wa wenyewe walikuwa wamelipa fedha na kushika karatasi. Mwaka 2018 majumba makubwa ya Nairobi yalibomolewa kwa sababu ya kingo za mito.

Mtafute mpima ardhi wewe mwenyewe, usimpokee wa mwuzaji, na umwombe akuonyeshe leseni yake. Mpatane ujira mbele, naye akuandikie taarifa na kuitia sahihi. Fanya hivi kabla ya kutoa arbuni. Majirani waitwe waje wasimame penye mipaka yao. Jirani asiyekubali ua ule, ni heri umsikie siku hiyo kuliko baada ya kupaua. Ugomvi ukitokea, wa kuamua kwanza ni Msajili wa Ardhi, maana korti haisikilizi kesi ya mpaka wa kukadiria kabla yake. Na kwa shamba la kilimo usisahau ruhusa ya Bodi ya Ardhi: Sheria ya 1967 yataka ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu mlipopatana.

Siku ya kupima, nenda na mke wako au mume wako, na mtoto mkubwa ikiwa yuko. Mwonyeshwe kila kona, nanyi msimame juu yake.