Kijiti cha mkojo hakioni kansa ya prostati



Mwezi huu tunasema juu ya baba zetu. Papa anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, anasimama muda mrefu, mkojo unatoka kidogo kidogo. Anaenda kliniki, wanachovya kijiti kwenye mkojo, wanamwambia ni safi. Anarudi: "Wanangu, mimi ni mzima." Mambo yanaishia hapo.

Kijiti kile kinatafuta sukari, damu na dalili za vidudu. Kansa ya tezi dume, ambayo wengi tuliotoka Kongo tunaiita prostati, hakiioni. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake, ndiyo maana ikivimba mkojo unabanwa. Kwa wazee wengi ni uvimbe wa umri tu. Lakini kansa nayo huanza kimyakimya bila maumivu, na hapa Uganda ndiyo inayoongoza kati ya kansa za wanaume.

Sasa, kuna wanaosema kuwa siku hizi kansa hii inapimwa kwa mkojo. Ni kweli, ila si kwa kijiti. Mwaka 1999 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walieleza jeni iitwayo PCA3, inayofanya kazi kupita kiasi ndani ya chembe za kansa ya prostati. Daktari anabonyeza tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, halafu mzee anatoa mkojo wa kwanza, ambao umebeba chembe za tezi. Maabara inapima alama za jeni hiyo. Marekani ilikiruhusu kipimo hicho mwaka 2012.

Hata huko hakitumiki peke yake. Kuna kipimo cha damu, PSA, lakini hicho kinaweza kupanda hata kwa uvimbe usio kansa. Kuna picha ya MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha sehemu yenye mashaka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017, kwa wanaume 576, ulionyesha kuwa picha ikitangulia, 27 kati ya 100 wangeepuka sindano ya kutoa vinyama. Picha isipoeleweka, mkojo wa jeni husaidia kuamua: achomwe au asubiri? Anayethibitisha ni darubini, baada ya sindano.

Hayo ni ghali na yako mbali nasi. Kidole cha daktari kiko karibu. Wazee wanaona haya, tunaelewa, lakini ni jambo la dakika moja!

Mzee wa miaka 50, au 45 kama baba au ndugu yake aliugua, aende Hospitali ya Bwera, aulize juu ya tezi na ni wapi damu inapimwa PSA. Daktari akiwa na mashaka, ombeni barua ya rufaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda, ya tangu 1967, iko Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 350. Mgongo au nyonga ikiuma wiki nyingi, msiseme ni jembe tu. Mkojo ukikataa kabisa, au miguu ikilegea ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo.

Wasemao Kinande wanasikilizana na wauguzi wa Lukonzo. Wengine mtafute mkalimani, na mzee mwenyewe amchague. Msimpeleke na mke wa mwanawe halafu mshangae kwamba amesema anaumwa kichwa.