Presha Isiyoshuka na Mkoromo wa Usiku

Tuseme baba mmoja wa kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, amegundulika ana presha. Ana miaka 52, shingo yake ni nene, na anameza dawa kama alivyoelekezwa. Miezi inapita, kipimo hakishuki. Anaongezewa kidonge cha pili, kisha cha tatu. Anaulizwa kuhusu chumvi, pombe na mawazo, lakini hakuna anayemuuliza analalaje.

Mkewe analo jibu. Baba huyu hukoroma hadi chumba cha pili, kisha ghafla kimya. Kifua kinahangaika ila hewa haipiti. Baada ya muda anakurupuka kwa kishindo cha pumzi, anajigeuza, na mkoromo unaanza upya. Wapo watakaosema amekabwa na jinamizi. Lakini anayekabwa na jinamizi huzinduka akili mwili ukiwa bado umelala, hujiona amekandamizwa, na asubuhi huweza kusimulia. Baba huyu hakumbuki chochote. Anachojua ni kwamba anaamka na kichwa kizito, na mchana anasinzia barazani. Ugonjwa wake ni apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala.

Tunapolala, misuli ya ulimi na koo hulegea. Kwa mtu mwenye mafuta mengi shingoni, taya dogo au mafindofindo yaliyovimba, njia ya hewa hubanwa hadi ikaziba. Ni kama kuvuta kinywaji kwa mrija laini: ukizidisha nguvu, kuta zake hushikana. Ipo pia aina ya pili, isiyo ya kawaida sana, ambapo koo liko wazi lakini ubongo unachelewa kutoa amri ya kupumua. Aina hiyo huonekana mara nyingi kwa watu ambao moyo wao tayari umedhoofika.

Pumzi inapokatika, moyo huumia kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, oksijeni katika damu hushuka. Pili, mwili huona hatari na kumwaga adrenalini, hivyo mishipa hujikaza na presha hupanda kwa ghafla pumzi inaporudi. Tatu, kifua kinapovuta kwa nguvu dhidi ya koo lililoziba, kuta za moyo huvutwa na kutanuka. Mtu akikatikiwa pumzi mara 30 kwa saa na akalala saa 7, moyo wake umepitia misukosuko hiyo mara 210 kwa usiku mmoja.

Kwa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 tukiwa usingizini, na huo ndio muda wa moyo kupumzika. Mwenye apnia hukosa nafuu hiyo, na hatimaye presha hubaki juu hata mchana. Hatari nyingine ni mapigo ya moyo kwenda ovyo, kiharusi, na moyo kushindwa kusukuma damu. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya wagonjwa wa presha, moyo na kiharusi wana apnia inayotokana na koo kuziba, na wengi hawajatambuliwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu 112 waliofariki ghafla kwa sababu ya moyo. Kati ya wale waliokuwa na apnia, asilimia 46 walifariki kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wasiokuwa nayo, ilikuwa asilimia 21.

Jambo hili linatuhusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania ana presha ya juu.

Basi apnia hugunduliwaje? Hatua ya kwanza haihitaji umeme. Ni maswali manane ambayo mhudumu wa zahanati anaweza kuuliza: Je, unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika? Una presha? Kisha anaangalia unene, umri zaidi ya miaka 50, shingo inayozidi sentimita 40, na kama ni mwanamume. Majibu ya “ndiyo” yakiwa matatu au zaidi, shaka ipo. Yakifika matano, shaka ni kubwa.

Hatua ya pili ni kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho wengi walikijua wakati wa UVIKO-19. Kile chenye uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu za usiku kucha huonyesha oksijeni ikishuka na kupanda tena na tena. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwetu, namba nzuri isifute dalili mbaya.

Kipimo kamili ni kulala usiku mmoja huku vifaa vikirekodi mawimbi ya ubongo, macho, mapigo ya moyo, hewa puani, mwendo wa kifua na oksijeni. Pumzi ikikatika au kupungua kwa angalau sekunde 10 huhesabiwa. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni apnia nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Kwa mtu wa Nyanungu, safari ya kuelekea kipimo hicho huanzia zahanati, hupita hospitali ya Tarime na ya rufaa ya mkoa Musoma, na huweza kufika hospitali ya Bugando, Mwanza.

Tiba ya kwanza iko mikononi mwa mgonjwa: kupunguza uzito, kulala ubavu, na kuacha pombe jioni, kwani pombe huzidi kulegeza koo. Kwa apnia kali ipo mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Huondoa usingizi wa mchana na hushusha presha kidogo. Lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2016 haukuona ikipunguza kiharusi na mshtuko wa moyo, na washiriki waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo dawa za presha zisiachwe.

Dereva wa bodaboda au mchimbaji wa machimbo ya Nyamongo anayesinzia kazini asidharau dalili hii. Mwenye dalili hizi anayetarajia upasuaji amweleze mtoa nusukaputi. Nawe unayelala karibu na mtu anayekoroma na kukatikiwa pumzi, usimcheke wala usinyamaze. Fuatana naye kliniki, ukaeleze ulichokisikia. Mgonjwa mwenyewe hawezi kukieleza, kwa sababu alikuwa amelala.