Mzigo wa Mgongoni: Kuchagua Kompyuta Mpakato kwa Kazi ya Kila Siku

1. Utangulizi

Wahenga wamenena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji wa kompyuta anapotuambia kwamba mashine ya kilo mbili na nusu si nzito, yeye ameinyanyua mara moja tu, kutoka kwenye rafu hadi mezani. Mwalimu au mwanafunzi atakayeinunua ataibeba kila siku: asubuhi kwenda darasani, mchana kwenda maktabani, jioni kurudi nyumbani. Na atokaye kwenda utafitini ataibeba nyuma ya pikipiki katika barabara ya taifa namba 2, kutoka Butembo kupitia Lubero, Kirumba na Kayna hadi Kanyabayonga.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kupima mambo mawili ambayo aghalabu hupingana, yaani wepesi wa kubeba na wingi wa sifa. Hoja yetu ni kwamba swali lililozoeleka, "Ninunue nyepesi au yenye nguvu?", halimsaidii mnunuzi. Linalofaa kuulizwa ni hili: ni sifa zipi zisizoweza kutenganishwa na mashine, na ni zipi ziwezazo kubebwa kando au kuachwa mjini? Mifano yetu inatokana na kazi tuijuayo, kukusanya na kuchambua data za lugha. Lakini kanuni zenyewe zaweza kumfaa mwalimu wa kilimo au wa hesabu vilevile.

2. Jina na historia

Istilahi "kompyuta mpakato" imejengwa juu ya kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Nchini Kenya wapo wasemao "kipakatalishi", na mzizi ni uleule. Kwetu Kivu ya Kaskazini wanafunzi wengi husema kwa kifupi "mashini". Istilahi zile mbili za kwanza zinaonyesha mahali kompyuta inapotumiwa; hazisemi lolote kuhusu namna inavyofika hapo. Nasi tunajua kwamba mtoto hapakatwi siku nzima: safarini hubebwa mgongoni. Vivyo hivyo mashine ya kila siku ina maisha mawili, ya mapajani na ya mgongoni, na mnunuzi hana budi kuyapima yote mawili.

Historia yathibitisha hayo. Mwaka 1981 ilitolewa nchini Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1, ambayo iliuzwa kwa sifa ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, skrini ya inchi 5, tena haikuwa na betri ndani yake; aliyeibeba alilazimika kutafuta umeme kila alipofika. Miaka 27 baadaye, mwaka 2008, kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air ya kilo 1.36. Wepesi huo ulilipiwa: mashine haikuwa na nafasi ya kutia CD, na ilikuwa na mlango mmoja tu wa USB. Wengi waliilaumu wakati ule, lakini leo ni wachache waikumbukao CD. Somo ni kwamba karibu kila gramu inayopunguzwa ina sifa inayoachwa, na kazi ya mnunuzi ni kujua kama sifa hiyo angeihitaji au la.

3. Uzito wa kweli

Uzito unaoandikwa katika matangazo ni wa mashine tupu. Uzito unaobebwa ni wa furushi zima. Tuchukue mfano wa mashine mbili za kawaida. Ya kwanza ina skrini ya inchi 15.6 na uzito wa kilo 2.3, chaja yake, pamoja na waya, ni kilo 0.6. Jumla ni kilo 2.9. Ya pili ina skrini ya inchi 14 na uzito wa kilo 1.4, chaja yake ndogo ni kilo 0.25. Jumla ni kilo 1.65. Tofauti ya mashine peke yake ni gramu 900, lakini tofauti ya furushi ni kilo 1.25. Hapo bado hatujaongeza daftari, rekoda, mfuniko wa mvua na chupa ya maji. Kwa hiyo yafaa mnunuzi atie kila kitu mkobani, aende sokoni, aombe mizani ya muuza viazi au maharage, kisha asome mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya alianza na mashine ya aina ya kwanza. Majuma mawili niliibeba kwa fahari. Juma la tatu mvua ilinyesha, nikaiacha Butembo. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nikienda Kanyabayonga na daftari tu. Yamkini msomaji atasema kwamba daftari liliwatosha wataalamu waliotutangulia. Lakini Kinande ni lugha ya toni, kama alivyochambua Ngessimo Mutaka katika kitabu chake cha mwaka 1994, na tena irabu zake hufuata upatanifu ambao sikio lililochoka laweza kuusikia visivyo. Niliporudi mjini na orodha ya maneno yaliyoandikwa kwa kalamu, sikuwa na njia ya kuhakikisha toni niliyoitia shaka. Msemaji alikuwa mbali, na sauti yake haikuwa imehifadhiwa. Kompyuta yangu ilikuwa na sifa zote, isipokuwa ile ya kuwapo.

4. Sifa zinazotengana na zisizotengana

Baada ya hapo nilifanya kosa la upande wa pili, nalo ndilo lililonifunza kanuni ninayoitetea hapa. Niliuza mashine nzito, nikanunua nyingine ya kilo 1.1, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa imekwisha kuliwa na mfumo na programu. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kanyabayonga aliyekubali kunieleza majina ya sehemu za nyumba ya kienyeji. Nilimrekodi kwa video, kwa kuwa mikono yake ilionyesha yale ambayo maneno peke yake hayakutosheleza. Video ya kawaida ya kipimo cha 1080 huchukua gigabaiti 7 au 8 kwa saa. Siku ya pili hifadhi ilijaa. Nikafuta rekodi za siku ya kwanza, nikitumaini kurudi na kuzirekodi upya. Mwishoni mwa Juni 2024 mji wa Kanyabayonga ulitekwa na waasi wa M23. Wakazi wengi wakakimbia kuelekea kaskazini, na mzee yule sikumwona tena.

Kwa muda mrefu niliulaumu wepesi wa mashine. Lakini kosa halikuwa la wepesi. Hifadhi ni sifa inayotengana: diski ndogo ya nje yenye terabaiti 1 haifiki gramu 100, na hukaa mfukoni. Ningekuwa nayo, nisingefuta kitu. Kwa upande mwingine, kumbukumbu ya gigabaiti 4 ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi ya mashine, wala hakuna fundi ambaye angeweza kuiongeza. Huo ndio uliokuwa upungufu wa kweli, kwa maana programu ya ELAN, ambayo hutumika kuandika maneno chini ya video, ilikwenda kwa taabu.

Basi twaweza kuzigawa sifa katika makundi mawili:

(a) Sifa zinazotengana: hifadhi ya ziada, kipanya, kisoma CD, milango ya ziada ya USB, rekoda, na hata skrini kubwa, ambayo yaweza kubaki ofisini ikaunganishwa kwa waya. Sifa hizi zisimfanye mtu anunue mashine nzito.

(b) Sifa zisizotengana: prosesa, kumbukumbu iliyolehemiwa, betri ya ndani, mwangaza wa skrini, ubora wa kibodi na uimara wa bawaba. Sifa hizi ndizo za kulipia, hata zikiongeza gramu 200 au 300.

Kadhalika ni lazima kutofautisha kazi ya njiani na kazi ya mjini. Programu ya Praat, inayochora mawimbi ya sauti na toni, ni ndogo na hufanya kazi hata katika mashine dhaifu. Saa moja ya sauti safi isiyobanwa, ya kipimo cha CD, huchukua megabaiti 635 tu. Kwa hiyo anayerekodi sauti na kuandika hahitaji kadi ya michoro. Anayehariri video ndefu anaihitaji, lakini aghalabu uhariri waweza kungoja mpaka afike mjini.

5. Umeme kama sehemu ya uzito

Butembo na Beni ziliishi miaka mingi kwa jenereta na paneli za jua, na huko vijijini mambo ni hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo umeme unaohitajiwa na mashine ni sehemu ya mzigo wake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya wati-saa za betri kwa wati zinazotumiwa. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayotumia wati 8 wakati wa kuandika hudumu zaidi ya saa 6. Betri hiyohiyo katika mashine yenye kadi ya michoro inayotumia wati 25 hudumu saa 2.

Paneli ya wati 50 ikipata saa 4 za jua kali hutoa wati-saa 200 kwa hesabu ya karatasi. Baada ya upotevu njiani hubaki pungufu sana ya hapo. Hata hivyo, zinazobaki zaweza kuijaza mashine nyepesi kwa siku nzima ya kazi. Mashine nzito haitosheki, na mara nyingi chaja yake huhitaji inveta, ambayo nayo hula sehemu ya umeme. Mashine inayochajiwa kwa mlango wa USB-C ina faida hapa: kwa kiunganishi kidogo yaweza kuchajiwa moja kwa moja kutoka betri ya gari ya volti 12, na chaja hiyohiyo huihudumia simu.

6. Udhaifu wa mashine nyepesi

Ni haki kutaja hoja za upande wa pili. Kwanza, kwa uwezo uleule, mashine nyembamba huwa ghali zaidi. Pili, vipuri vyake hulehemiwa au kugundishwa, hivyo fundi wa mtaani hana la kufanya. Mashine nene ya zamani hufunguliwa kwa bisibisi na kupona. Tatu, skrini ndogo huchosha macho ya mwenye kusahihisha kazi nyingi za wanafunzi. Kwa hiyo mtu ambaye mashine yake hutoka nyumbani mara moja kwa juma atafanya vizuri kununua iliyo nzito na kuhifadhi fedha zake.

Kwa abebaye kila siku kuna njia ya kati, nayo ni mashine za ofisi za inchi 13 au 14 zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingi zina uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6, na baadhi yake bado hufunguka kwa fundi. Lakini hapana budi kuangalia mambo mawili. Mosi, iwe na diski ya kielektroniki isiyo na sahani inayozunguka, kwa sababu mtikisiko wa pikipiki huiharibu sahani. Pili, umri wake: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni hazikubali prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi. Mwenye mashine ya zamani zaidi aweza kuweka Linux. Praat na ELAN hufanya kazi humo pia.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba wepesi na sifa si pande mbili za mizani moja. Mnunuzi na afuate hatua hizi: aorodheshe kazi atakazozifanya njiani, achague sifa zisizotengana zinazozitosheleza kazi hizo, bila kuzidisha, sifa zinazotengana azinunue kando au aziache mjini, kisha apime furushi zima kwa mizani. Likizidi uzito ambao yeye mwenyewe atakubali kuubeba siku ya mvua, basi mashine hiyo si yake, hata iwe nzuri namna gani.

Jambo la mwisho ni data yenyewe. Data ni nyepesi kuliko mashine yoyote, na thamani yake haina mfano. Nakala moja ibaki katika mashine, ya pili mfukoni mwa mwenyewe, ya tatu kwa mwenzake katika mji mwingine. Siku watu wanapolazimika kuondoka kwa haraka, mashine yaweza kuachwa na nyingine ikanunuliwa. Maneno ya mzee aliyeyasema mara moja hayauzwi dukani.