Nyanya za Leo, Mchuzi wa Masika

Mtu apitaye Soko la Mgandini, mjini Tanga, wakati nyanya zimefurika, hahitaji kuuliza bei. Huisoma usoni pa wauzaji. Matenga yamepandana hadi kwenye kivuli cha turubai, maji mekundu yanatiririka chini, na ifikapo saa kumi za jioni mafungu huanza kuongezwa nyanya bila mnunuzi kuomba. "Chukua zote, mama," kijana mmoja aliniambia siku hiyo, "kesho nitazimwaga."

Nilizichukua, nikarudi nazo Mabawa nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Nyanya nyingi ziliwazo hapa mjini hushuka kutoka milima ya Usambara. Wakulima wa Lushoto hulima juu kwenye baridi, mali ikateremshwa kwa malori kupitia Soni hadi Mombo, na kutoka hapo ikaja pwani kwa barabara kuu. Nyanya ni tunda lenye ngozi nyepesi na maji mengi. Safari hiyo huiponda, na joto la Tanga humalizia kazi. Basi muuzaji hana uwezo wa kungoja bei nzuri. Lakini ifikapo masika, yaani kati ya Machi na Mei, mambo hugeuka. Mvua huleta ugonjwa wa baka shambani, na tangu mwaka 2014 yupo pia yule nondo mdogo aliyepewa jina la kantangaze, ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda. Hapo ndipo mama wa nyumbani hununua nyanya tatu kwa fedha ambazo miezi michache nyuma zingemjazia kapu.

Kwa mfanyakazi mwenye mshahara usiobadilika, tofauti hiyo si ndogo. Nyanya huingia katika kila chungu: maharage, samaki, mchicha, pilau. Hapana shaka wengi wetu tumepata kujiuliza kwa nini tusiziweke wakati zinamwagwa, tukazitumia wakati zinatafutwa.

Nami nilijiuliza hivyo hivyo, nikajijibu kwa haraka. Nilikaanga vitunguu na vitunguu saumu kwa mafuta mengi, nikatia nyanya, nikapika hadi jikoni kukanukia, kisha nikajaza katika chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa. Nilizipanga kabatini kwa majivuno. Usiku wa tatu tulisikia mlio kama wa fataki. Kifuniko kilikuwa darini na ukuta mwekundu hadi juu. Bibi yangu, ambaye hakuwa ameshauriwa katika jambo hili, alichungulia mlangoni akasema, "Mwanangu, umefungia pombe." Akarudi kulala.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kama kuna mtoto aliyeonja, nilipomwambia hapana, akashusha pumzi.

"Ile iliyopasuka si adui yako," alisema. "Imekupigia kelele. Mwogope ambaye hapigi kelele."

Alinieleza kuwa ziko bakteria za udongoni ambazo huishi vizuri mahali pasipo hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa, na mbegu zao hazifi kwa maji yanayochemka tu. Zikistawi hutoa sumu ishikayo mishipa ya fahamu hata mtu akashindwa kupumua. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuwa na rangi nzuri na harufu njema. Kinachozizuia ni uchachu. Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH, na bakteria hao hawaoti chini ya 4.6. Nyanya husimama mpakani: nyingine ziko chini ya hapo, nyingine, hasa zilizoiva kupita kiasi au zilizoingia ukungu, huvuka. Vitunguu, karoti na pilipili hoho huzidi kuupunguza uchachu wa chupa. Mafuta nayo huzuia joto lisipenye vizuri.

Kwa maneno mengine, yale yote niliyoyatia ili sosi yangu iwe tamu ndiyo yaliyoifanya iwe ya hatari.

Siku ya pili tulipika pamoja uani kwake. Tulipima kilo sita za nyanya, ambazo hutoa lita mbili hivi za sosi nzito. Zenye ukungu au harufu ya kuchacha alizitupa bila huruma. Zilizochubuka tu alizikata palipoharibika. Tulizitumbukiza katika maji ya moto kwa dakika moja, tukazihamishia katika maji ya baridi, na maganda yakavuka yenyewe. Tuliziponda, tukazichemsha kidogo, tukazichuja kuondoa mbegu.

Hapa mwalimu alinionyesha jambo ambalo kwa bei ya mkaa lastahili kukumbukwa. Badala ya kukausha maji yote jikoni kwa saa nyingi, rojo hutiwa katika kitambaa safi cha pamba na kuachwa lichuruzike kwa muda wa saa moja. Maji yanayotoka yana ladha nzuri, na jioni hiyo yalipikiwa wali. Rojo lililobaki lilirudishwa motoni, likakorogwa kwa mwiko bila kuachwa, kwa kuwa sosi ya nyanya ikishika chini haisameheki. Sufuria ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na uchachu ikipikiwa nyanya kwa muda mrefu, na sosi hupata ladha ya madini.

Chupa zilikuwa za kioo, zenye mdomo mpana, na vifuniko vyake vilikuwa vipya. Zilikuwa zimeoshwa na kuwekwa katika maji ya moto. Katika kila chupa ya nusu lita mwalimu alitia kwanza vijiko viwili vya chakula vya siki, ile iliyoandikwa asilimia 5. Nilimwuliza kwa nini asitumie ndimu, nasi Tanga hatukosi ndimu. Alijibu kuwa ndimu huzidiana ukali, moja haifanani na nyingine, na katika jambo hili hapendi kubahatisha. Ndipo akajaza sosi ikiwa bado inatokota, akaacha nafasi ya upana wa kidole juu, akafuta mdomo wa chupa na kufunga. Chupa zilisimamishwa juu ya kitambaa ndani ya sufuria kubwa, maji yakapita juu ya vifuniko kwa vidole viwili, na tangu yalipoanza kuchemka tukahesabu dakika 35.

Zilipopoa, alibonyeza kila kifuniko katikati. Vitatu vilikuwa vimezama na kutulia. Cha nne kilidunda chini ya kidole. "Hii ni ya kula wiki hii," alisema, akaitia katika jokofu. Nyingine zikawekwa mahali pa giza, ambapo zaweza kukaa mwaka mmoja.

Vitunguu na mafuta vina zamu yake, nayo ni siku ya kufungua chupa. Hapo kaanga utakavyo. Mafuta kidogo hata yana faida, kwani ile rangi nyekundu ya nyanya, ambayo wataalamu huihesabu miongoni mwa vitu vyenye manufaa kwa mwili, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya inapopikwa kwa mafuta. Vitamini C hupungua motoni, hilo lazima likubaliwe. Matunda yasiachwe mezani. Ukali wa siki ukikusumbua, ongeza sukari kidogo, lakini siki usiipunguze.

Asiyepata chupa zinazofaa asijilazimishe, na za plastiki kama zangu azisahau. Mwenye friza agandishe sosi katika vikopo vidogo. Hiyo haihitaji siki, maana baridi ndiyo mlinzi. Wako akina mama hapa Mabawa wanaouza barafu, na pembe moja ya friza yaweza kupangishwa nyanya. Umeme ukikatika hata vikopo vikayeyuka na kupata joto, visigandishwe tena kwa matumaini.

Tulipiga hesabu ya nyanya, mkaa, siki na vifuniko. Wakati nyanya zina bei ya kawaida, kazi hii hailipi. Afadhali ununue za siku kwa siku. Inalipa zinapomwagwa tu.

Chupa ya kwanza niliifungua katikati ya masika, mvua ikipiga bati. Bibi yangu alisimama mbali kidogo mpaka aliposikia kifuniko kikivuta hewa na kutulia. Kisha akavuta kigoda, akaomba apewe vitunguu avikate.