Batri ao roboti?

Wandugu wa Ulaya wanataka kuipa shule yetu mashini ya kukata majani, wakauliza: ya batri ao roboti? Ya batri mtu anaisukuma mwenyewe. Nyuma ya nusu saa ao zaidi kidogo batri inaisha, inarudishwa kwenye umeme. Roboti inatembea yenyewe, inapunguza ncha tu kila siku kwa visu vyembamba kama wembe. Nyingi zinaongozwa na waya uliofukiwa ukingoni. Mwaka 1995 Husqvarna ya Uswidi ilitoa moja inayokula jua. Inapendeza! Lakini nyuma ya likizo ya Noeli majani yetu yanafika magoti, na mawe yamo ndani. Tena wadogo wanacheza pale bila viatu. Tumejibu: ya batri, na batri mbili, juu umeme unakatika. Tukingoja, kupekupe za salongo zinolewe.