Soko la vitu vilivyotumika mtandaoni halina shahidi

"Friji la milango miwili, limetumika mwaka mmoja, halina shida yoyote. Nahama. Bei maelewano." Picha tatu, namba ya simu, jina la mtaa. Kwa tangazo fupi kama hili, mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuuza friji lake kabla jua halijazama, bila kulisogeza kutoka jikoni.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya dalali. Alijua nyumba ipi inahamwa na nani anatafuta kabati. Alipitisha neno, akasimama katikati watu wakipatana bei, kisha akachukua asilimia 10 yake au akaweka cha juu kimyakimya. Kwa hicho cha juu wengi hawakumpenda. Hata hivyo alikuwa akifanya kazi tatu kwa mpigo: kutangaza, kukadiria bei na kushuhudia mauziano. Simu janja imeichukua ya kwanza na kuwarushia wauzaji na wanunuzi ya pili. Ya tatu imebaki bila mwenyewe, na hapo ndipo biashara hii inapovuja.

Tuanze na kutangaza. OLX, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilikuwa miongoni mwa majukwaa yaliyowazoesha watu wa kanda hii kuuza vitu vyao mtandaoni. Mwaka 2019 shughuli zake za Kenya, Tanzania, Uganda, Ghana na Nigeria zilinunuliwa na Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2014. Facebook nayo ilikuwa imefungua Marketplace mwaka 2016. Katika majukwaa ya aina hii mtu wa kawaida huweka tangazo lake bure. Anayelipa ni yule anayetaka tangazo lake lipande juu ya mengine, na mara nyingi huyo ni mwenye duka la simu au yadi ya magari. Wewe mwenye friji moja unasaidia kujaza soko ili watu waje kutazama. Jukwaa lisilopata hata senti katika mauzo yako halina sababu ya kumtuma mtu akalikague friji hilo.

Ndiyo maana wengi wanaona heri kuuzia kwenye makundi ya WhatsApp: kundi la wazazi wa darasa moja, la kwaya, la wakazi wa mtaa. Huko muuzaji anajulikana kwa jina la mwanawe, na akiuza pasi mbovu, kesho atakutana na mnunuzi getini. Kundi lina watu wachache kuliko jukwaa, ila lina kumbukumbu.

Upande wa bei, vitu vitatu ndivyo vinavyoamua: bei ya kitu kipya Kariakoo, haraka ya muuzaji, na usafiri. Mwanafunzi anayefunga chuo huuza godoro na jiko la gesi kwa bei ya kutupa kwa sababu chumba kinatakiwa kesho. Mgeni anayeondoka Masaki huuza nyumba nzima kwa wiki moja. Mnunuzi mwenye subira hufaidi hapo, mradi apige hesabu yote. Tuseme friji jipya ni shilingi 900,000 na lililotumika ni 500,000. Toa 60,000 za kirikuu kutoka Tegeta hadi Mbagala, toa 80,000 za fundi wa kujaza gesi. Akiba ya 400,000 imeshuka hadi 260,000. Vitu vizito hununuliwa karibu na nyumbani. Simu ndiyo inayosafiri, kwa bodaboda mjini na kwa basi hadi mikoani.

Dalali naye hakufa. Picha moja ya sofa utaikuta kwenye kurasa tatu za Instagram kwa bei tatu, na huenda hakuna hata mmoja kati ya wenye kurasa hizo aliyewahi kuikalia. Cha juu kimerudi, lakini yule mtu wa kusimama katikati hakurudi nacho.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo pesa imekuwa ikienda mbio kuliko mzigo. Tapeli anaishi katika pengo hilo. Anaomba "advansi ya kushikilia", kisha simu haipatikani. Wa pili ni mwizi anayeuza mali ya mtu. Sheria za mauzo ya bidhaa, Tanzania na Kenya, zina kanuni ya msingi kwamba kwa kawaida muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Ukinunua simu ya wizi, mwenyewe anaweza kuidai, na wewe utajieleza polisi. Tena unaponunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, mzigo wa kukagua ubora ni wako zaidi kuliko unaponunua dukani.

Zana zipo. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha Tanzania itume kwenda 15090 ujue kama simu ni halali. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya nchi hiyo. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Hakikisha pia simu imetolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Vinginevyo unaweza kujikuta umenunua kioo kilichofungwa. Muuzaji naye afute picha na taarifa zake zote kabla hajaiachia.

Kilichobaki hakihitaji intaneti. Onaneni mchana mahali penye watu, washeni kitu kikiwa kwenye umeme, pesa itoke mzigo ukiwa mkononi. Kisha andikeni hati ya mauziano: majina mawili, namba za vitambulisho, maelezo ya kitu pamoja na ubovu wake, bei, tarehe, na sahihi ya shahidi mmoja kila upande. Kwa gari, pikipiki au kitu cha thamani kubwa, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji mwaminifu hataogopa karatasi hiyo. Anayeikataa, muachie kitu chake.